Binti wa Yairo na Chanjo ya Binti Zetu

Katika Injili ya Marko, sura ya 5, tunakutana na watu wawili wanaohesabiwa miaka ileile. Yuko binti wa Yairo, mwenye umri wa miaka 12, na yuko mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka 12, aliyemaliza mali yake yote kwa waganga asipate nafuu. Tumezoea kuzihubiri habari hizi kama miujiza miwili. Naomba tuzisome pamoja, kwa sababu huku kwetu kando ya ziwa, binti yule na mwanamke yule wanaweza kuwa mtu mmoja, ila kati yao imepita miaka thelathini.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake wapatao 10,000 waliugua, na zaidi ya 6,000 walifariki. Dalili yake mojawapo ni kutokwa na damu isiyo ya kawaida, na wengi hufika Bugando au Ocean Road ugonjwa ukiwa umeshaenea, ng'ombe na shamba vimeshauzwa. Karibu saratani zote za aina hii husababishwa na virusi vinavyoitwa HPV, ambavyo huambukizwa kwa njia ya ngono. Vinaweza kuingia mwilini ujanani na kukaa kimya miaka mingi kabla ya kuleta madhara.

Chanjo yake ipo. Serikali ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Mwaka 2024 ilianza kutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mwanza ina sehemu yake katika badiliko hilo. Kuanzia mwaka 2017, wasichana 930 wa hapa, wenye umri huohuo, walishiriki katika utafiti uliofanywa na NIMR na wenzao. Ilionekana kwamba karibu wote waliopata dozi moja bado walikuwa na kinga miaka miwili baadaye dhidi ya aina mbili za virusi hivyo zilizo hatari zaidi. Ushahidi huo, pamoja na ule wa Kenya na kwingineko, ulilisaidia Shirika la Afya Duniani kukubali dozi moja mwaka 2022. Binti zetu wamesaidia kuwakinga mabinti wa mataifa mengi. Itakuwa huzuni kubwa ikiwa wadogo zao wataikosa kwa sababu ya maneno yanayosemwa katika nyumba za waumini.

Neno la kwanza ni hili: “Mimi namwachia Mungu.” Linasikika kama imani. Lakini mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg, Martin Luther alibaki mjini kuwahudumia wagonjwa, akawaandikia wachungaji wenzake kwamba anayekataa dawa na kuacha kujihadhari anamjaribu Mungu. Kwake yeye, dawa na akili ni vipawa vya Mungu. Mvuvi anayemtumaini Mungu haachi kuziba tundu la mtumbwi wake. Anaziba, kisha anasali, kisha anaingia ziwani.

Neno la pili ni zito zaidi: kwamba kumchanja binti dhidi ya ugonjwa wa ngono ni kumpa ruhusa ya kuzini. Wazazi wanaosema hivi wanawapenda binti zao, nao wanajua mialo yetu ilivyo, fedha za samaki zinavyowanasa watoto wa shule. Hofu yao ni ya kweli. Hata hivyo, tufuate hoja hiyo mpaka mwisho wake. Inataka ugonjwa ubaki kuwa fimbo ya kumtishia mtoto, na fimbo hiyo haichagui wa kumpiga. Binti aliyejitunza hadi siku ya ndoa anaweza kuambukizwa na mumewe. Binti aliyebakwa hakuchagua lolote. Na hata yule aliyeanguka, je, ni Kristo yupi tuliyemhubiri kwake, anayetaka afe kwa saratani akiwa na miaka arobaini ili sisi tuonekane tumelinda maadili? Tunafundisha kwamba neema haipatikani kwa matendo mema. Basi tusimdai mtoto cheti cha tabia kabla ya kumkinga. Usafi wa moyo tuufundishe kwa Neno, kwa mfano wetu na kwa kukaa na watoto wetu. Chanjo haiwezi kuifanya kazi hiyo, wala haiizuii.

Neno la tatu ni kwamba chanjo inaharibu uzazi. Chanjo hii imetolewa kwa mamilioni ya wasichana duniani, na haijaonekana kuwafanya tasa. Kinachonyang'anya uzazi ni saratani yenyewe, kwa maana tiba yake mara nyingi ni kuondoa kizazi. Mzazi anayeuliza hili asichekwe. Ana haki ya kueleweshwa kabla mwanawe hajachomwa sindano, na usharika ni mahali pazuri pa kumwita mhudumu wa zahanati aje ajibu maswali.

Katekisimu Ndogo, tunayowafundisha watoto wa kipaimara, inaieleza amri ya tano kuwa haituagizi tu kutomdhuru jirani, bali kumsaidia katika kila hatari ya mwili. Watoto hao wengi wana umri uleule wa chanjo. Tukiisha kuwasikiliza amri hiyo, tuwaulize pia wazazi wao kama wamechanjwa. Tuwakumbuke na wasio shuleni: msichana wa kazi aliyeletwa mjini, na yule anayeanika dagaa visiwani. Sindano ikitolewa darasani haiwafikii, mpaka mtu awapeleke zahanati. Na mama zao wakapimwe, maana chanjo ni ya kukinga, haitibu maambukizi yaliyokwisha kuingia.

Binti wa Yairo hakuweza kwenda kwa Yesu, alikuwa kitandani. Ni baba yake, kiongozi wa sinagogi mwenye heshima zake, aliyetoka nyumbani akaanguka miguuni pa Bwana mbele ya umati. Naye Yesu hakuuliza binti huyo alikuwa na tabia gani. Alikwenda naye. Mtoto wa miaka 12 hukingwa kwa miguu ya wazazi wake. Tuinuke twende, angali binti.