Saa ya Mzamiaji Nchi Kavu

Mtu akusudiaye kununua saa ya mzamiaji yenye thamani kubwa, aivae kila siku nyumbani, kazini na sokoni, hujikuta mbele ya swali ambalo muuzaji hawezi kumjibia. Muuzaji ataeleza upana wa saa, uzito wa mkanda wake, kina cha maji iwezacho kustahimili, na bei. Mambo hayo hujibika kwa hesabu. Lisilojibika kwa hesabu ni hili: chombo kilichoundwa kwa ajili ya mtu aliye chini ya bahari kina haki gani juu ya mkono wa mtu ambaye maji yake marefu kuliko yote ni ya beseni la kunawia? Wengi hulipita swali hili kwa kicheko. Mimi naliona kuwa ni swali la adabu ya nafsi, na lastahili kujibiwa kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Saa hizi hazikuzaliwa katika anasa; zilizaliwa katika hofu ya kufa maji. Mwaka 1953 kampuni ya Blancpain ya Uswisi, ambayo mkuu wake, Jean-Jacques Fiechter, alikuwa mzamiaji mwenyewe, ilitoa saa iliyoitwa Fifty Fathoms, maana yake Pima Hamsini. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa pima ni nini: ni urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa, na pima 50 ni kama mita 91. Wazamiaji wa vita wa jeshi la wanamaji la Ufaransa, wakiongozwa na Robert Maloubier na Claude Riffaud, walikuwa wakitafuta saa ya namna hiyo hiyo, wakaipokea. Rolex nayo iliunda Submariner mwaka huo huo. Kila mita 10 za kina cha bahari huongeza mgandamizo karibu sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu, na maji yakipata tundu la kuingilia, saa imekufa. Walakini maji hayakuwa adui mkubwa. Adui mkubwa alikuwa usahaulifu. Mzamiaji mwenye mitungi ya hewa mgongoni ana dakika za kuhesabika. Akizipita, hewa yamwishia, au naitrojeni iliyoyeyuka katika damu yake yamdhuru apandapo upesi. Huko chini hapana jua la kukisia wakati, wala mwadhini, wala jogoo.

Kwa hiyo uso wa saa ulizungushiwa pete yenye alama za dakika. Mzamiaji huigeuza pete mpaka alama yake kuu ielekeane na mshale wa dakika, kisha hushuka. Mshale uendapo mbele, umbali baina yake na alama ile ndio muda uliopita. Katika Submariner za mwanzo pete iliweza kugeuka pande zote mbili, na hapo palikuwa na hatari: ikigongwa na mwamba yaweza kuupunguza muda, mzamiaji akadhani ana dakika nyingi kuliko alizo nazo. Katika saa za mzamiaji za siku hizi pete aghalabu hugeuka upande mmoja tu, kinyume cha mwendo wa mishale. Ikigongwa, humwambia mwenyewe kuwa amekaa zaidi ya alivyokaa, naye hupanda mapema pasipo madhara. Pete hii yastahili kufikiriwa. Waundaji wake walikubali kuwa chombo chao kitakosea siku moja, wakachagua mapema kitakosea kwa upande gani. Ni wachache mno wanadamu waliofanya hivyo juu ya tabia zao wenyewe, na katika jambo la mali hasa makosa yetu huelekea upande ule wa hatari.

Basi heshima ya saa hii ilikuwa ya haki, lakini haja iliyoizaa imekwisha. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko ya Japani ilitoa Astron, saa ya mkono iendeshwayo kwa jiwe dogo la kwatsi linalotetemeshwa na umeme wa betri. Saa ya kamani na magurudumu, hata ile iliyopewa cheti na wakaguzi wa Uswisi, yaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kutangulia sekunde 6 kwa siku. Saa ya kawaida ya betri hukosea sekunde kama 15 kwa mwezi mzima. Tangu miaka ya 1980 wazamiaji nao wamekuwa wakichukua kompyuta ndogo zinazopima kina na muda na kuwaonya wapande lini. Leo Submariner ya chuma kitupu hupita dola 9,000, na Casio ya betri inayostahimili maji kwa kiasi cha mita 200 hupatikana kwa chini ya dola 100. Asemaye kuwa anainunua ile ya kwanza kwa sababu ya kazi yake hajafanya hesabu, au ameifanya na kuificha.

Hapo ndipo visingizio huanza. Mmoja husema kuwa saa ni akiba, kwamba bei yake hupanda. Bei za saa zilizokwisha tumika zilipanda mno mpaka mwanzo wa mwaka 2022, kisha zikashuka. Na akiba ivaliwayo kila siku hukwaruzwa kila siku. Mwingine husema ipo siku atazama. Na azame, lakini asimlipe mtu leo kwa ushujaa wa kesho. Neno la kweli ni jepesi kuliko visingizio hivi vyote: ameipenda. Wala hapana aibu ndani ya neno hilo. Mlango wa nakshi wa Unguja haufungi vizuri kuliko mlango wa mbao tupu. Ile misumari yake mikubwa ya shaba, iliyochongoka, inasemwa kuwa asili yake ni Bara Hindi, ambako ilizuia tembo wasisukume milango. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe hapakuwa na tembo wa kuzuia. Haja ilikufa, umbo likabaki, na hakuna aliyemwita mwenye nyumba mwongo, kwa kuwa hakudai kuwa yu vitani na tembo.

Walakini kupenda kitu hakumalizi hesabu yake, na baina ya bahari na anasa kuna habari ambayo sisi watu wa upande huu wa dunia hatuna ruhusa ya kuisahau. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, lulu za Ghuba zilitolewa baharini na watu walioshuka kwa pumzi ya vifua vyao tu. Miongoni mwao walikuwamo watumwa, na baadhi ya watumwa hao walichukuliwa kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mzamiaji alibana pua kwa kibano, akafungiwa jiwe la kumshusha, akashika kamba. Pumzi ikimwishia aliivuta kamba, na mwenzake aliye chomboni akampandisha. Hiyo ndiyo iliyokuwa saa yake: mapafu yake mwenyewe na mkono wa mtu mwingine. Lulu zilikwenda Bombay, na kutoka huko Paris na London, zikavaliwa na shingo ambazo hazikupata kujua uchungu wa chumvi. Biashara ile ilianguka katika miaka ya 1930, kwa lulu za kukuzwa za Japani na kwa dhiki ya uchumi iliyoikumba dunia nzima. Zamani aliyezama hakuvaa. Leo avaaye hazami. Sisemi haya ili kumtia mnunuzi hatia ambayo si yake. Nasema kwamba hatari ya mzamiaji haiuzwi pamoja na saa, na mtu akiivaa kama kwamba ameinunua hiyo nayo, amejipamba kwa jasho la mwingine.

Sasa, achague ipi? Watu hujiuliza, “Je, naweza kulipa?” Swali hilo ni dhaifu, kwa maana mkopo hujibu ndiyo daima. Mimi ningeuliza, “Je, naweza kuivaa bila ya kuwa mlinzi wake?” Saa ya kila siku hugonga kitasa cha mlango, hulowa maji ya vyombo, hushikwa na mtoto mwenye mikono ya mafuta. Mwenye kuivua kabla ya kila kazi, akaificha chini ya mkono wa kanzu apandapo daladala, akakosa usingizi kwa mkwaruzo mmoja, huyo hana saa, saa inaye. Kwa mtu mmoja bei ya hofu hiyo huanzia dola 9,000, kwa mwingine dola 300. Kijana mwenye mshahara wa kwanza, ambaye mdogo wake anangoja ada ya shule, huifikia mapema sana, na si unyonge kwake kuvaa Seiko, ambayo imekuwa ikitengeneza saa za wazamiaji tangu mwaka 1965. Tena kuna gharama isiyoandikwa kwenye kadi ya bei. Maandishi ya mita 300 juu ya uso wa saa hayazuii maji. Kinachozuia ni vizibo vidogo vya mpira, navyo huzeeka. Kila baada ya miaka kadhaa saa hutaka kufunguliwa, kusafishwa na kupimwa na fundi aijuaye. Asiyeweza gharama hiyo amenunua nusu ya saa.

Watatokea wasemao kuwa, ikiwa kazi si hoja, basi hata saa ya bandia yatosha. Namshukuru asemaye hivyo, maana ametupa kipimo kizuri. Saa ya bandia ina kila kitu kilicho kwa ajili ya macho ya wengine, na haina kingine. Mnunuzi na ajiulize kwa siri kama ingemridhisha. Ikiwa ingemridhisha, amekwisha jua alikuwa akitafuta nini, na ameokoa dola nyingi. Ikiwa ufundi wa ndani, usioonwa na mtu barabarani, ndio umvutao, basi na anunue kwa kadiri ya uwezo wake, wala asiwaombe radhi watu.

Na kama baada ya hayo yote bado atataka pete ile iwe na kazi nchi kavu, iko moja. Sisi twahesabu saa tangu kuchwa na kucha, na mshale wa saa za Kizungu hutuonyesha saba palipo na moja. Aigeuze pete mpaka alama kuu isimame kwenye sita, kisha autazame mshale wa saa: ukifika kwenye alama ya dakika 5 ya pete ni saa moja, kwenye ya 10 ni saa mbili, na hivyo hivyo mpaka thenashara. Fiechter hakuiundia kazi hii, lakini pete yaifanya vizuri, na haitaki mtu alowe hata kidole.