TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: ALIYEKAA NYUMA NAYE ANA DHIMA



Leo nina swali moja tu: ukishampa mtu mwingine usukani, je, dhima yako imekwisha?

Swali hili lilinikuta barabarani, nikiwa nyuma ya mume wangu juu ya pikipiki. Ilikuwa Ramadhani ya miaka ya nyuma. Mama mkwe alikuwa anaumwa, kijijini huko ndani Muheza. Kutoka Dar ni karibu kilometa 300. Basi lipo, lakini basi linakushusha barabara kuu, na mama alihitaji mtu wa kumpeleka zahanati na kumrudisha. Mume wangu akasema tunakwenda na pikipiki. Tukala daku, tukasoma dua ya safari, saa tisa na nusu usiku tukaondoka. Alfajiri tuliiswali Bagamoyo.

Kama hujawahi kusafiri mbali ukiwa umekaa nyuma, nikueleze kidogo. Mbele huoni kitu, unaona mgongo. Dunia yote unaiangalia kwa ubavu: mashamba, minazi, watoto wanaokwenda shule. Lakini yule anayeendesha unamjua kuliko anavyojijua. Akishika breki, kofia zenu zinagongana. Akivuta pumzi, unaisikia. Ikifika kona, analala upande na wewe unalala naye. Ukikaza mwili kwa woga, pikipiki inakuwa nzito na inavutwa nje ya kona. Ukitangulia kulala kabla yake, unamyumbisha. Kazi yako ni kumfuata.

Mpaka Msata, kilometa 64 kutoka Bagamoyo, nilikuwa abiria mzuri. Pale tukaingia barabara kuu ya kwenda Segera, yenye mabasi na malori. Jua lilikuwa limeshachomoza. Nikaona kofia yake inainama kidogo, kisha inanyanyuka. Mabega yamelegea. Pikipiki inaufuata mstari mweupe, inarudi, inaufuata tena. Siku ya nyuma alikuwa kazini kutwa, na usiku hakulala.

Nilijua. Na nilinyamaza.

Nitawaambia ukweli kwa nini, maana ni mwezi wa ukweli. Kwanza, jana yake nilimwambia, "Baba watoto, safarini si kuna rukhsa ya kufungua?" Akanijibu kwamba yeye si mgonjwa. Sikutaka aone namrudisha kule kule. Pili, nimelelewa kwamba mwanamke safarini anatulia, mwenye chombo ndiye mwenye neno. Basi nikaanza kuleta adhkari. Nikajiambia, "Nimemtegemea Allah." Kilometa kwa kilometa, ulimi unamtaja Allah, na mkono, ambao ungeweza kumgusa mtu begani, umekaa pajani.

Ndugu yangu, ile haikuwa tawakkul. Ilikuwa woga uliovaa kanzu ya tawakkul. Niliogopa uso wa mume wangu zaidi ya nilivyoogopa lori.

Kabla ya Mbwewe basi likapiga honi nyuma yetu, honi ndefu. Tairi la mbele lilikuwa limeshaacha lami, liko kwenye changarawe. Nikampiga begani kwa kiganja, nguvu zangu zote. Akashtuka, akaishika, ikayumba, ikasimama pembeni. Basi likapita, upepo wake ukatusukuma. Alhamdulillah, hatukuanguka.

Tukakaa chini ya mti. Nilisubiri anikemee kwa kumpiga. Hakunikemea. Aliniuliza:

"Ulijua kama nasinzia?"

"Nilijua."

"Tangu wapi?"

"Tangu Msata."

Akanyamaza muda. Kisha akasema, taratibu tu, "Sasa mbona hukuniambia, mke wangu?"

Sikuwa na jibu. Kumbe heshima niliyodhani namtunzia, yeye hakuihitaji. Alihitaji macho yangu. Akalala saa nzima pale chini, akaamka, akanywa maji, tukaendelea. Siku ile aliilipa Shawwal. Muheza tulifika salama, na mama akapelekwa zahanati.

Sasa turudi kwenye swali letu. Wapo watakaosema: kila abiria akisema lake, safari itakwenda? Ni hoja ya kweli. Ningempigia kelele kwenye kila kona, ningemuua mapema kuliko usingizi. Basi mpaka uko wapi kati ya kufuata na kusema?

Tazama swala yetu ya jamaa. Maamuma anamfuata imamu: hamtangulii kurukuu, hamtangulii kusujudu. Huo ndio utiifu, ni kama kulala naye kwenye kona. Lakini imamu akisahau, dini haikumwambia maamuma anyamaze kwa adabu. Wanaume wanasema Subhanallah, na mwanamke, hata awe safu ya mwisho kabisa, anapiga kiganja chake juu ya mkono mwingine. Haondoki swalani, hajitangazi uimamu. Anamzindua, kisha anaendelea kumfuata. Yaani katika ibada iliyo kubwa kuliko zote, aliye nyuma amepewa njia ya kumgutusha aliye mbele. Itakuwaje nyumbani tunyimane?

Na mkumbuke Hudaybiyya, mwaka wa 6 wa Hijria. Masahaba wamezuiwa kuingia Makka, wana majonzi, Mtume wetu (s.a.w.) anawaamrisha wachinje na wanyoe, na hakuna anayenyanyuka. Akaingia kwa mkewe Ummu Salama (r.a.), aliyekuwa naye safarini. Bibi huyu hakusema "mimi nimefuata tu." Alimshauri atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake na amwite kinyozi amnyoe. Akafanya hivyo, na watu wote wakanyanyuka. Kama mbora wa viumbe alipokea ushauri wa mwenziwe wa safari, mimi na wewe ni nani hata tuukatae?

Kwa hiyo mpaka naujua hivi: katika ustadi wake na chaguo lake, mfuate. Katika madhara unayoyaona na yeye hayaoni, sema, na sema mapema, wakati kugusa bega kunatosha. Nilipochelewa, ilibidi nipige.

Na wewe uliyeshika usukani, wa nyumba, wa duka, wa darasa, wa msikiti, una sehemu yako. Mume wangu aliniuliza kwa nini sikumwambia. Jibu ambalo sikumpa siku ile ni kwamba jana yake nilipofungua mdomo, aliufunga kwa neno moja. Ukitaka kuzinduliwa, usimtie woga anayekaa nyuma yako.

Jambo la kufanya leo: kabla ya futari, mfikirie mtu mmoja anayekubeba katika maisha. Je, kuna kitu umekiona kwake na umenyamaza, ukaita subira? Kama kipo, mwambie leo, faragha, kwa upole. Na kama wewe ndiye unayebeba, muulize aliye nyuma yako: "Unaona nini ambacho mimi sikioni?" Kisha usijitetee. Sikiliza.

Ewe Mola wetu, tupe wenza wanaotuzindua, na nyoyo zinazokubali kuzinduliwa. Walinde wasafiri wote wa nchi kavu na baharini, uwaponye wagonjwa wetu, utakabali swaumu zetu. Aamiin.

Wabillahi tawfiq. Mtumie na mwenzako wa safari.