Nabii Isaya Aliomba Mkate wa Tini

(Somo: 2 Wafalme 20:1-7)



Mfalme Hezekia alikuwa mgonjwa karibu na kufa. Aligeukia ukuta, akaomba, akalia. Isaya alikuwa hajafika mbali, Neno likamrudisha: Mungu amesikia, atamwongezea mfalme miaka 15. Basi ahadi imekwisha kutolewa, tena kwa kinywa cha nabii. Na nyuma ya ahadi Isaya anafanya nini? Anaagiza walete mkate wa tini, wauweke juu ya jipu. Mstari huu tumeusoma mara nyingi na kuupita haraka. Tulikawia kuufahamu, na kukawia kwetu kulileta machozi.

Wengi wenu mnajua jambo lenyewe. Wakati wa matayarisho ya sikukuu, mama mmoja wa kwaya alikuwa akiuza sokoni mchana, akipika jioni, na usiku akija kwenye kesha, siku tatu mfululizo. Alikuwa na vidonge vya tansio. Mtu mmoja wa kwetu alimwambia kwamba akiisha kuombewa, kumeza vidonge ni kumtukana Mungu. Akaviacha. Usiku wa tatu kikombe kilimwanguka mkononi, mdomo ukapinda upande mmoja. Na sisi mashemasi tuliokuwa hapo tulifanya nini? Tulifikiri ni roho inamsumbua. Tulimpaka mafuta, tukaimba mpaka asubuhi, ndipo tukatafuta pikipiki. Yeye yuko hai, Bwana asifiwe. Lakini mpaka leo anatusalimia kwa mkono wa kushoto.

Hatuandiki haya ili kupinga manabii. Isaya hakuwa nabii wa uongo kwa kuwa aliagiza tini.

Munganga alitufundisha hivi. Moyo unasukuma damu kama pampu, na damu inasukuma kuta za mishipa. Wakipima mara kadhaa na kukuta 140 juu ya 90 ao zaidi, hiyo ni tansio kubwa. Mtu akilala vizuri usiku, tansio inashuka, mara nyingi sehemu moja ya kumi ao zaidi, na mishipa inapumzika. Asiyelala anainyima mishipa yake mapumziko hayo. Mahangaiko nayo yanafanya moyo ukimbie. Na ubaya wa ugonjwa huu, wengi hawasikii kitu chochote. Kichwa hakiumi, mtu anacheka, anabeba mizigo, kumbe mishipa ya ubongo na figo inaharibika polepole.

Na hapa kwetu nani analala? Katika karieri mashine hazizimwi, wanaume wanageuza usiku kuwa mchana. Tangu wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka Gécamines mwaka 2003 na 2004, nyumba nyingi zimebaki juu ya mgongo wa mama. Kule Kasulo, tangu 2014, watu wamechimba hata ndani ya viwanja vya nyumba zao. Kukiwa kilio, tunalala nje. Ili tusisinzie tunakunywa kahawa na vile vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo vinapandisha tansio. Juu yake bukari na makayabu yasiyolowekwa vizuri! Shirika la Afya la Dunia linasema mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kama kijiko kidogo kimoja. Sisi tunaimaliza kwa sahani moja.

Mwingine atasema: Yesu alikesha usiku mzima mlimani. Ni kweli, Luka 6:12. Lakini katika Marko 4 alilala ndani ya chombo, tufani ikivuma, wanafunzi wakaona vibaya. Na Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa (1 Wafalme 19), malaika hakumhubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili. Safari ya Horebu ilikuja nyuma ya usingizi.

Kwa hiyo tunawaomba. Mwenye vidonge avimeze kila siku saa ile ile, hata wiki ya kazi nyingi, hata akisikia amepona, maana vingine ukiviacha ghafula tansio inaruka juu. Anayetaka kufunga aende kwanza kumwuliza munganga. Mwanamke mwenye mimba anayevimba uso na kuumwa kichwa sana asingojee kesho. Msinunue vidonge kwa wachuuzi wa njiani, wala msiazimane. Cha jirani si chako. Na mkiona mdomo wa mtu unapinda, mkono unalegea, ulimi unakuwa mzito, msingojee wimbo uishe. Mpelekeni hospitali saa ile ile, maombi tutayafanya njiani.

Tumepatana na mchungaji na manabii: kesha la siku ya posho litafungwa saa sita ya usiku, na mwenye kutoka kazi ya usiku hatahesabiwa kosa akibaki nyumbani kulala. Mbele ya maombi mama muuguzi wa kanisa atapima tansio karibu na mlango. Ukae kwanza dakika 5 bila kuongea, bila kahawa. Mama yule wa kwaya ameomba apimwe wa kwanza, mbele ya watu wote.