Mzaha na Uwongo: Je, Yafaa Kumzulia Mtu Maneno ili Tucheke?

Mwenyezi Mungu amemjaalia mwanadamu kicheko kama alivyomjaalia machozi, wala Uislamu haukuja kuwanyima watu furaha iliyo halali. Lakini kila neema ina mpaka wake, na kicheko nacho kina mpaka.

Siku hizi, kila Simba na Yanga zinapokutana uwanjani, huzuka mchezo wa pili katika simu za vijana wetu, tangu Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko mpaka Lindi mjini. Mtu huketi akatunga mazungumzo ya kundi la WhatsApp ambayo hayakuwapo kamwe. Huweka jina na picha ya fulani, shabiki wa timu iliyofungwa, akamsemesha maneno ya kuchekesha: kwamba analia, kwamba ameihama timu yake, au kwamba aliapa kumwacha mkewe timu ikishindwa. Kisha huyatawanya kana kwamba ni mazungumzo ya kweli. Akiulizwa hujibu, "Ni utani tu." Basi, ndugu msomaji, na tulipime jibu hilo kwa mizani ya dini.

Kwanza yatupasa kujua kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alifanya mzaha. Imepokewa kwamba mtu mmoja alimwomba mnyama wa kupanda, naye akamwahidi mtoto wa ngamia. Yule mtu akashangaa, atafanya nini na mtoto wa ngamia? Mtume s.a.w. akamkumbusha kuwa kila ngamia, hata awe mkubwa namna gani, amezaliwa na ngamia (Abu Dawud na Tirmidhi). Yafaa tuangalie kwamba katika mzaha huo hamna neno moja lisilo kweli, na aliyetaniwa aliondoka na kipando chake. Na masahaba walipostaajabu kumwona akifanya mzaha, aliwaeleza kwamba hata hapo hasemi ila kweli (Tirmidhi).

Lakini huyo huyo aliyependa mzaha alimwonya vikali, tena kwa kukariri, mtu asemaye uwongo ili kuwachekesha watu (Abu Dawud na Tirmidhi). Na katika safari moja, sahaba mmoja alilala. Mwenzake akaichukua kamba aliyokuwa nayo, naye akashtuka. Hapo Mtume s.a.w. alibainisha kwamba si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenziwe (Abu Dawud). Ikiwa kamba tu imekatazwa, je, jina na heshima ya mtu?

Pengine mtu atasema, "Utani ni mila ya wazee wetu." Ni kweli, na mila hiyo ina uzuri wake. Mtani huweza kuingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa wakapata kucheka katikati ya msiba. Lakini huyo hujulikana kuwa ni mtani, husema kwa kinywa chake mwenyewe, na humtania mtu mbele ya macho yake. Hali kadhalika asimuliaye visa vya Abunuwasi hamdanganyi yeyote, kwani wote wanajua kuwa ni hadithi. Mtunzi wa mazungumzo ya uwongo hufanya kinyume: hujificha, huazima kinywa cha mwenziwe bila idhini, na hutaka asadikiwe. Huo si utani wa wazee. Ni ushahidi wa uwongo uliovikwa nguo ya utani, na msomaji aliye Mkristo atakumbuka kwamba Taurati pia imeukataza (Kutoka 20:16).

Tena tuyaangalie madhara yake. Kile kiapo cha kumwacha mke kimetungwa Kilwa Masoko asubuhi, na waliomo kundini wamecheka. Jioni kimefika Nangurukuru, na kesho kipo Lindi mikononi mwa mama mkwe, ambaye hamjui mtunzi wala haujui mpira. Maneno yamesafiri, kicheko kimebaki nyuma. Mtume s.a.w. alifundisha kuwa talaka ni miongoni mwa mambo ambayo mzaha wake huhesabiwa kuwa kweli (Abu Dawud). Basi ni nani atakayeituliza nyumba ile?

Kurani Tukufu imekataza watu kuwadharau watu wengine, maana huenda wanaochekwa wakawa bora kuliko wanaocheka. Imekataza pia kuitana kwa majina mabaya (49:12). Wanaoitana "Makolo" na "Utopolo" waizingatie aya hiyo. Tarehe 6 Mei 2012 Simba iliifunga Yanga mabao 5 kwa 0. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao 5 kwa 1. Aliyecheka jana ndiye anayechekwa leo.

Jambo hili latuhusu sisi Waahmadiyya zaidi ya wengine. Twaujua uchungu wa kuzuliwa maneno. Ni wangapi waliozuiliwa kuitafuta kweli kwa sababu walisomewa maneno ambayo Seyidna Ahmad a.s. hakuyasema? Nasi humwomba kila mtafuta kweli akakisome kitabu chenyewe. Je, tutamwombaje hivyo, hali vijana wetu wanamzulia jirani maneno kwa ajili ya mpira? Katika masharti kumi ya bai'at aliyoyatangaza Seyidna Ahmad a.s. mwaka 1889, sharti la pili lamtaka mtu ajiepushe na uwongo, na la nne lamtaka asiwaudhi viumbe wa Mungu kwa ulimi wala kwa mkono. Na kidole kinachobonyeza simu ni sehemu ya mkono.

Wala anayesambaza asijione yu salama. Kurani Tukufu imetuamuru kuchunguza habari kabla ya kuitenda (49:7), na sheria ya nchi yetu ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015 imekataza kuchapisha habari za uwongo kwa nia ya kupotosha.

Basi, ndugu, shangilia timu yako na mtanie rafiki yako. Ila jiulize kwanza: Je, nisemalo ni kweli, au kila atakayelisoma atajua kuwa ni hadithi? Je, naweza kulisema mbele yake, kwa jina langu? Je, naye atacheka pamoja nami? Likishindwa hata swali moja, liache.

Mwenyezi Mungu azitakase ndimi zetu na mikono yetu, na atujaalie kuwa wakweli katika mambo mazito na katika mzaha. Amin.