Ncha Iliyopakwa Rangi ya Kucha

Mambo mengine huanza na chupa ndogo tu. Hii ilikuwa chupa ya rangi ya kucha, nyeupe pe, ambayo mshikaji wangu aliinunua dukani huko Michigan, Marekani. Nikadhani ni ya mkewe. Kumbe ni ya mishale.

Tumekua wote Ilala, mtaa mmoja, tukisukuma matairi. Leo anaishi huko, na kila ifikapo tarehe 1 Oktoba, msimu wa upinde unapofunguliwa, kumpata kwenye simu ni kazi. Anatumia upinde wa mti wa kizamani. Ule wa kisasa, wenye kapi na alama za kulengea, anaucheka. Mwaka mmoja nikawa mgeni wake mwezi huohuo wa Oktoba.

Upinde wa kizamani hauna kitu cha kulengea zaidi ya mshale wenyewe. Unavuta uzi hadi kwenye kona ya mdomo, jicho linakazia pale unapotaka mshale uingie, na kwa chini kidogo, kama mtu anayepita pembeni yako, unaiona ncha. Wapo wanaopima kwa makusudi nafasi iliyopo kati ya ncha na mnyama. Wapo wanaoapa kwamba ncha hawaioni kabisa, mkono unajua wenyewe. Mshikaji wangu ni wa kundi la kwanza. Sasa basi, kigumba cha chuma ni cheusi au kijivu, msitu nyuma yake ni mweusi, na kulungu wa kule, wale wa mkia mweupe, hupenda kutoka kula jua linapozama. Katika utusitusi huo ncha ndiyo inayopotea kwanza. Dawa yake rahisi: unapaka nyeupe kwenye shingo ya kigumba, nyuma ya makali. Makali yenyewe huyagusi, maana rangi itayafanya butu. Wengine huzungushia uzi mweupe. Nyekundu usihangaike nayo. Mwanasayansi wa Kicheki, Purkinje, aliliona jambo hili mwanzoni mwa karne ya 19: mwanga ukipungua, nyekundu ndiyo huzimika mapema na kuonekana nyeusi, wakati buluu na kijani bado zinadunda.

Nilimsaidia kupaka. Nalisema hili mapema ili nisionekane nahukumu kwa mbali.

Jioni tukapanda dungu, lile lile la walinzi wa mpunga, ila hili la chuma na limefungwa kwenye shina la mti. Sheria ya Michigan inaruhusu kupiga hadi nusu saa baada ya jua kuzama. Baridi sitaieleza, hamtaniamini. Dakika chache kabla ya muda kwisha akatokea jike mmoja, hatua kama kumi na tano kutoka mtini. Mshikaji akavuta. Nikaiona ile ncha, inang'aa kama jino. Nikamnong'oneza:

“Piga.”

Akapiga.

Kulungu nilimwona pia, au niseme nilijua yupo. Nilichokiona ni umbo. Bega liko wapi, tumbo linaanzia wapi, amesimama ubavu au ameshaanza kugeuka, hayo sikuyaona. Mshikaji naye alikuja kukiri baadaye kwamba hakuyaona. Na hayo ndiyo yote. Mshale wa kule hauna sumu, unaua kwa kukata. Ukipita kwenye mapafu au moyo, mnyama anakimbia kidogo tu, anaanguka. Ukipita tumboni, anakufa kwa saa nyingi, peke yake, na huenda usimpate. Tulitafuta damu kwa tochi hadi saa sita usiku. Asubuhi tukaupata mshale tu. Uti ulikuwa umepakaa uchafu wa kijani, majani ambayo hayajasagika. Rangi ya kucha ilikuwa imeshika vizuri, haikubanduka hata kidogo.

Ndugu msomaji, swali langu si kama kuwinda ni dhambi. Mimi ni mla mishkaki, na ng'ombe wangu anachinjwa na mtu mwingine huku nimelala. Swali langu ni dogo zaidi, na ndiyo maana linanisumbua: kukifanya chombo chako kionekane vizuri ni sawa na kuona vizuri?

“Wee, acha hizo,” mshikaji aliniambia siku ile. “Bila rangi ningepiga ovyo zaidi. Kuona ni huruma, kaka.”

Hoja hii si ya kutupa. Kama kulenga vizuri kunapunguza mateso, basi kila kinachosaidia kulenga ni cha huruma. Ukikataa rangi, ukatae na miwani. Ukatae na kunoa kigumba. Nilikaa na hoja hiyo wiki nzima, nikashindwa kuijibu, hadi siku moja nikiwa nyumbani Dar, kibarazani, taa ya umeme inawaka juu ya kichwa changu. Mtu akapita barabarani akanisalimia kwa jina. Sikumtambua. Nikaitikia tu. Mara umeme ukakatika, na baada ya muda kidogo nikamwona kwa mbali, mgongo wake, mwendo wake, nikamjua.

Miwani inakuonyesha vyote, mshale na mnyama na tawi lililopo katikati. Ile nyeupe inakuonyesha kitu kimoja, nacho ni chako. Tena jicho lenyewe linaisaidia kukudanganya. Katikati kabisa ya jicho, sehemu tunayoitumia kusomea, hakuna zile chembe zinazoona gizani, zimejaa pembeni. Ndiyo maana nyota hafifu ukiikodolea inapotea, ukiitazama kwa upande inarudi. Sasa fikiria mwindaji saa hiyo. Ubavu wa mnyama anaukodolea, kwa hiyo unamtoroka. Ncha iko pembeni ya jicho na ni nyeupe, kwa hiyo anayo mpaka mwisho. Anaiona nia yake barabara kuliko yule ambaye nia hiyo inamhusu. (Sisi tunaojaribu kuandika tunaijua hali hii. Sentensi ikishang'aa mno, aliyetajwa ndani yake humwoni tena.)

Kabla ya rangi, ncha nyeusi ilikuwa kengele. Ikipotea, unajua kumekucha kwa usiku, unautoa mshale kwenye uzi, unashuka. Tulichofanya mimi na yeye ni kuiziba kengele mdomo kwa burashi ya kucha.

Hata hivyo nisijidanganye. Ile kengele haikuwa ya haki kila mara. Kulungu akisimama mahali peupe, kwenye majani makavu, unaweza kumwona hadi mbavu huku ncha yako imeshamezwa na kivuli cha mti uliokalia. Hapo rangi inafanya kazi halali kabisa, na mshikaji ana haki ya kunicheka. Kwa hiyo kosa siwezi kulibandika kwenye chupa.

Wenyewe huko Marekani wamelumbana sana juu ya nuru na mishale. Historia yao ya upinde wa kisasa ina mtu mmoja anayeitwa Ishi, wa kabila la Yahi, watu wake wameuawa na kumalizwa, akajitokeza peke yake California mwaka 1911. Alikaa kwenye makumbusho ya chuo kikuu, na daktari aitwaye Saxton Pope akajifunza kwake upinde. Ishi alichonga vigumba hata kwa vioo vya chupa. Alifariki mwaka 1916. Pope akaandika kitabu, kisha mwaka 1925 yeye na mwenzake Art Young wakaja hadi Tanganyika kuwinda simba kwa mishale. Chama cha wawindaji chenye majina yao, Pope and Young, kilianzishwa mwaka 1961, na kwa miaka mingi kilimkatalia rekodi mtu yeyote mwenye kifaa cha umeme kwenye upinde au mshale. Mwaka 2014 kikalegeza: taa ndogo mkiani mwa mshale ikakubaliwa.

Mkiani, angalia hapo. Taa ile inawaka mshale ukishaachiwa. Haikusaidii kupiga, inakusaidia kujua umepiga wapi, na kumfuata uliyemuumiza. Nuru ya mkiani inakuja baada ya tendo, kama shahidi. Nuru ya kwenye ncha inakuja kabla, kama mpambe wa bwana harusi. Nadhani tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya umeme na rangi ambayo waliigombania.

Atatokea mtu aniulize: na Wahadzabe je? Kule Eyasi, kiangazi, hukaa usiku kwenye maviziio karibu na maji, wakimngoja mnyama kwa mwanga wa mwezi. Mbona hao husemi? Kwanza, mishale yao ya wanyama wakubwa ina sumu, mojawapo inatokana na utomvu wa mti wa Adenium, kwa hiyo hesabu ya pale mshale unapoingia ni nyingine. Pili, wakishapiga wanajua kungoja, halafu wanafuata nyayo kwa ujuzi ambao mimi na tochi yangu tuliuonea wivu. Tatu, wanakula. Mshikaji wangu naye alikula, kweli, lakini friji lake lilikuwa limejaa siku ile. Saa ya mwisho ya jioni haikumdai chochote. Ilikuwa yake kuiacha.

Neno “piga” lilikuwa langu, hilo nalo lipo. Yeye alikuwa ameshika uzi, mkono umeanza kutetemeka, na nilihisi anasita. Kwa nini nilisema? Kwa sababu niliona ncha. Ilikuwa imetulia pale, nyeupe, imekamilika, na kitu kilichokamilika hivyo kinaomba kutumika. Sikufikiria kulungu hata kidogo.

Msimu huu kanitumia picha: mishale mitano mezani, vigumba vimenolewa, shingo zote nyeupe. Chini yake ameandika kwamba jana alikaa dunguni, jike akaja, ncha anaiona safi, akajaribu kuhesabu mikunjo ya bega, akashindwa, akashuka. Nikamuuliza ilikuwa saa ngapi. Akasema muda wa sheria ulikuwa umebaki dakika kumi na moja.