Mama wa Yangon Mahakamani

Desemba 2019, mjini The Hague, mwanamke mwenye maua nyweleni alisimama mbele ya majaji kulitetea jeshi lililomfunga. Aung San Suu Kyi alikuwa amezuiliwa nyumbani kwake Yangon kwa jumla ya miaka 15 hivi, kati ya 1989 na 2010. Tuzo ya Amani ya Nobel ya 1991 walikwenda kumpokelea wanawe. Mumewe alifariki Uingereza mwaka 1999 bila wao kuonana tena, kwa sababu mama alijua kuwa akitoka Myanmar hataruhusiwa kurudi. Ujasiri alikuwa nao, hilo tusimnyime.

Katika uchaguzi wa 2015, chama chake cha NLD kilisimamisha wagombea zaidi ya 1,000. Mwislamu hakuwamo hata mmoja. Wabudha wenye siasa kali walikuwa wakipiga kelele, na kura ni kura. Wanaharakati wetu wanaonuia kugombea ubunge waanze kuisoma habari hii hapo, kwenye orodha ile ya wagombea. Ya The Hague yalikuja baadaye. Alishinda, akashika serikali mwaka 2016, ingawa katiba ya 2008 iliwaachia wanajeshi robo ya viti vya bunge pamoja na wizara za ulinzi, mambo ya ndani na mipaka. Watetezi wake husema alifungwa mikono. Sawa. Mdomo je?

Kuanzia Agosti 2017 jeshi lilichoma vijiji vya Warohingya, Waislamu wa Myanmar, na watu zaidi ya 700,000 wakakimbilia Bangladesh. Waandishi wawili wa Reuters waliochunguza mauaji ya wanaume 10 wa kijiji cha Inn Din walihukumiwa kifungo cha miaka 7 kila mmoja. Suu Kyi akasema hawakufungwa kwa uandishi wao, walivunja Sheria ya Siri za Serikali, ambayo Waingereza waliitunga mwaka 1923.

Kesi ya The Hague, kuhusu waliyotendewa Warohingya, ilifunguliwa na Gambia dhidi ya Myanmar, ikiongozwa na waziri wake wa sheria, Abubacarr Tambadou, aliyewahi kufanya kazi Arusha katika mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Alifika kambini Cox's Bazar, akawasikiliza wakimbizi, na Rwanda ikamrudia akilini. Suu Kyi akawaambia majaji kwamba picha waliyoonyeshwa ina mapengo na inapotosha. Nyumbani alishangiliwa, na Novemba 2020 akapata ushindi mkubwa zaidi.

Alfajiri ya Februari 1, 2021, siku bunge jipya lilipotakiwa kukutana, majenerali walimkamata. Walimfungulia mashtaka mengi. Septemba 2022 wakamwongezea kifungo cha miaka 3, kwa kuvunja Sheria ya Siri za Serikali.