Nani Yupo Nyumbani Saa Nne Asubuhi?

Familia ikishakubaliana kufuga kasuku, mazungumzo hugeukia vitu vinavyopimika: bei, chakula, kelele, ataanza kuongea lini. Mtoto anataka mwenye rangi nyingi. Baba anataka anayesema. Mama anauliza nani atakuwa anasafisha tundu, wenzake wanacheka, kikao kinasonga mbele. Mama ndiye aliyelikaribia jambo lenyewe kuliko wote.

Maswali yale mengine si ya kipuuzi, na majibu yake yapo. Kakatua, mweupe mwenye kishungi, asili yake ni Australia na visiwa vya jirani. Hupiga ukelele alfajiri na jua linapotua, na katika fleti za Pangani au Kariakoo hata jirani wa ghorofa tatu juu atajua mmefuga nini. Makao wa Amerika ya Kusini, yule mkubwa wa bluu na manjano, ana mdomo wa kupasua kokwa ngumu. Mguu wa kiti cha sebuleni kwake ni mazoezi tu. Kokateli ni mpole, hupiga mbinja kuliko anavyoongea, na akitunzwa hufika miaka 15 na kuendelea. Wale wadogo wa kijani na manjano wanaouzwa kwa jozi, nao wa Australia, huishi miaka 5 hadi 10. Wasidharauliwe kwa umbo: mmoja wao aliyeitwa Puck, wa California, aliyekufa mwaka 1994, aliingizwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kujua maneno 1,728.

Cherero, kasuku wadogo wenye mkia mfupi, ni wa kwetu kabisa. Cherero wa Fischer kwao ni kaskazini mwa Tanzania, kusini mwa Ziwa Victoria hadi Serengeti, na katika miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi zaidi duniani. Walioponyoka au kuachiwa Kenya wamezaana na cherero wenye ukosi wa manjano, na leo machotara wao wanapiga kelele kwenye migunga ya Naivasha kana kwamba wamekuwapo siku zote.

Halafu yupo kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Kwa wengi wetu, ukisema kasuku bila kuongeza neno, ni huyo. Ukikaa naye karibu utaona mambo ambayo picha haionyeshi. Macho ya kinda ni meusi, na kadiri anavyokua yanageuka kijivu, kisha manjano hafifu; muuzaji anayekuapia kwamba huyu ni mtoto wa miezi mitatu, na jicho limeshakuwa la manjano, mwache na kiapo chake. Akiona jambo la kumvutia, mboni husinyaa ghafla na kupanuka tena. Hushika tonge kwa mguu mmoja, akaligeuza kwa ulimi mnene mweusi, akatupa maganda sakafuni bila aibu. Manyoya yake hutoa unga mwepesi unaotua juu ya televisheni, juu ya kabati, juu ya buibui lililoanikwa, na nyumba yenye mgonjwa wa pumu ingefaa imsahau kabisa. Huyu huishi miaka 40, na wapo wanaofika 60.

Hapo ndipo hesabu inapobadilika. Baba wa miaka 45 anayeleta nyumbani kinda la kijivu pengine anamnunulia mjukuu ambaye hajazaliwa. Anaahidi kwa niaba ya mtu asiyemjua, yaani yeye mwenyewe akiwa na miaka 70, labda amehamia kwa mwanawe Mwanza, labda magoti hayamruhusu tena kuinama kuokota maganda. Tumezoea kufikiri kwamba kuchagua ni kulinganisha vitu vilivyo mbele yetu. Huku tunalinganisha kiumbe tunayemwona na nyumba ambayo bado haipo. Orodha ya sifa na bei, hata iwe ndefu namna gani, haifiki huko.

Umri mrefu, hata hivyo, ni nusu tu ya jambo. Nusu iliyonishughulisha zaidi ni kwa nini kasuku anaongea.

Porini hana wa kumfundisha maneno, lakini hanyamazi. Kasuku wa kijivu hulala kwa makundi makubwa juu ya miti, na kunapopambazuka hutawanyika huku wakiitana. Kasuku wawili waliorekodiwa Zaire, yaani Kongo ya leo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1993, walikutwa wakiiga sauti za ndege wengine wa aina 9 na ya popo wa aina moja. Kuiga, basi, hawakujifunzia kwetu. Kule Venezuela, mtafiti Karl Berg aliwachunguza kasuku wadogo sana wa kijani, na mwaka 2011 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba kila kinda hupewa na wazazi wake, likiwa bado kiotani, mlio wake wa kutambulika. Mlio huo ndio wenzake wanaoutumia kumwita. Tukisema wamempa jina hatutakuwa tumetia chumvi sana.

Ukiuliza milio hiyo inabeba habari gani, utaambulia kidogo. Wanaulizana tu: mimi nipo hapa, wewe upo wapi? Nasi tunayajua vizuri mazungumzo ya namna hiyo. Mtu anapita barazani: hamjambo, habari za tangu juzi, za watoto, za kazi, nzuri, nzuri, nzuri, na huku mtoto ana homa na kazi imekwisha tangu mwezi uliopita. Hakuna aliyedanganya, kwa kuwa habari sizo zilizokuwa zikitafutwa. Siku utakapopita pale bila kusalimu ndipo utakapojua kilichokuwa kikitafutwa.

Ndiyo maana nina shaka na ile kauli kwamba kasuku huropoka asiyoyaelewa. Akiita “Hodi!” saa nane mchana, mlangoni hakuna mtu, na binti akaitikia “Karibu!” kutoka jikoni, ni kipi ambacho hakukielewa? Ameita, ameitikiwa. Kuna wanadamu wenye shahada ambao siku nzima hawapati kiasi hicho.

Huko Lincolnshire, Uingereza, mwaka 2020 hifadhi moja ya wanyama iliwapokea kasuku wa kijivu watano kwa mfululizo, ikawaweka pamoja. Wakafundishana matusi. Wageni walicheka, na kasuku wakajifunza kucheka vilevile, hata uongozi ukalazimika kuwaondoa mbele ya watu na kuwatenganisha. Magazeti yaliandika kana kwamba ndege wamepotoka kimaadili. Mimi naona walikuwa wamegundua ni sauti gani, katika kundi hili jipya la viumbe wasio na mabawa, inayojibiwa upesi kuliko zote.

Ushahidi wa kuhuzunisha zaidi uko karibu nasi, katika misitu ya mashariki mwa Kongo, Maniema na jirani zake, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni. Wategaji hupaka ulimbo kwenye matawi ya mti mrefu na kumweka hapo kasuku hai. Anaita. Kundi linalopita linaitikia, linashuka, linanasa. Wategaji hawahitaji tunda wala punje. Chambo ni ule mwito. Wengi hufa njiani kabla hawajamwona mnunuzi.

Biashara halali peke yake ilitoa porini zaidi ya kasuku wa kijivu 1,300,000 tangu katikati ya miaka ya 1970. Ghana, watafiti wanakadiria kwamba kati ya asilimia 90 na 99 ya kasuku hao wametoweka tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2016, katika mkutano wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg, nchi ziliamua kuzuia biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini, na mwaka huohuo Tanzania ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Kenya huwezi kumweka kasuku wa kijivu bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la nchi hiyo, na mwanzoni mwa mwaka 2021 shirika hilo lilitoa muda wa msamaha ili waliokuwa nao kimyakimya wajitokeze. Kwa hiyo anayenong’onezewa na dalali kwamba wapo “wa bei ya chini kutoka ng’ambo ya mpaka” hana tena la kuchagua. Ameshaonyeshwa mlango wa kutokea.

Nirudi kwenye kuongea, maana hapo ndipo familia nyingi zinapojikwaa. Mwaka 1977 mtafiti Irene Pepperberg aliingia katika duka la wanyama Chicago kutafuta kasuku wa utafiti, na akakataa kuchagua. Alimwomba mfanyakazi wa duka amtolee yeyote, asije mtu akadai baadaye kwamba aliteuliwa mwerevu. Ndege huyo, Alex, alikuja kujua maneno kama 100: majina ya vitu, rangi, maumbo. Aliweza kusema vitu viwili vinatofautiana kwa nini, na vikiwa havitofautiani alikuwa na neno la kusema hakuna. Alikufa Septemba 2007 akiwa na miaka 31. Kasuku maarufu kuliko wote wa karne iliyopita, basi, alichukuliwa kibahati nasibu. Kilichofuata ni miaka 30 ya watu waliokaa naye saa nyingi kila siku wakimwonyesha, wakimuuliza, wakimjibu. Familia inayotafuta aina “inayoongea” inatafuta dukani kitu ambacho, kwa sehemu kubwa, italazimika kukileta yenyewe.

Na kuna jambo gumu zaidi. Ukiwaweka wawili pamoja, wataitana wao kwa wao, na maneno yako hayatawashughulisha sana. Anayejifunza lugha yetu kwa bidii aghalabu ni aliye peke yake, kwa kuwa hana mwingine wa kumwita. Mwaka 2014 watafiti wa Vienna walipima ncha za kromosomu za kasuku wa kijivu, zile zinazofupika kwa umri na dhiki, wakakuta waliofugwa peke yao wana ncha fupi kuliko waliokuwa na wenza. Sifa tunayoilipia hustawi penye upweke. Simjui mfugaji anayependa kuliwaza hilo, na wala simlaumu, lakini likishajulikana haliondoki kichwani.

Pwani, wanaotetea kufuga ndege hutaja kisa cha Abu Umair, yule mtoto wa Madina aliyekuwa na kindege, na Mtume alipomkuta na huzuni akamtania kwa upole kumuulizia kindege chake. Wanaopinga hutaja yule mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Visa hivi huwekwa mezani kama hoja zinazogongana. Mimi sioni zikigongana. Katika cha kwanza palikuwa na mtoto aliyeshinda na ndege wake. Katika cha pili hapakuwa na aliyerudi.

Nikiombwa ushauri, basi, huuliza kwanza: nani yupo nyumbani saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, shule zikiwa zimefunguliwa? Kama hakuna mtu, nasema chukueni jozi ya wale wadogo wa Australia waliozaliwa tunduni, muwape tundu pana, na mkubali kwamba hawatawaita kwa majina. Wataitikiana wenyewe na jioni mtawakuta wazima. Kama yupo bibi mwenye subira na redio, kokateli atamfaa, na yeye atamfaa kokateli. Kakatua sijawahi kumpendekeza kwa mtu ninayetaka tuendelee kusalimiana.

Lakini katika nyumba nyingi za mijini jibu la kweli ni dada wa kazi. Yeye ndiye atakayekuwa kundi. Kasuku atajifunza mbinja yake anapoosha vyombo, kikohozi chake, ile “abee!” anayoitika akiitwa, na jina la mtoto jinsi anavyolitamka yeye, kwa lafudhi ya kwao. Yeye ndiye anayepaswa kujua kwamba parachichi ni sumu kwa ndege huyu, na kwamba kikaango cha kisasa kisichogandisha, kikisahauliwa motoni, hutoa mvuke unaoweza kumuua akiwa chumba cha pili. Mara nyingi hakuna aliyemwambia. Hakuwepo kwenye kikao. Alikuwa anapika chakula cha waliokaa kikao.

Akiaga Desemba kwenda kwao na asirudi, kasuku ataendelea kuita kwa sauti yake, na wenye nyumba watagundua kwamba muda wote ule hawakuwa wakimfuga ndege. Walikuwa wakimnunulia chakula. Mama aliuliza mapema nani atasafisha tundu, na jibu lilikuwa linajulikana na kila aliyecheka. Mshahara wa aliyelisafisha, kwa ninavyozijua nyumba zetu, haukuongezwa hata shilingi siku tundu lilipoingia.